Bibi wa Mheshimiwa amefika: tumwulize nini?

Wakaaji wa Kyavinyonge wanajua namna mambo yanavyokwenda. Gari lenye picha ya chama linashuka mpaka karibu na ufuko, vijana wanapiga filimbi, akina mama wanaacha samaki wao sokoni na kukimbia. Anayeshuka si mbunge. Ni bibi wake. Amebeba sabuni, chumvi, unga, mara nyingine vikwembe vyenye sura ya bwana wake. Anasema maneno machache, anapigwa picha pamoja na wahami, anapanda gari, anarudi Butembo kabla jua halijazama. Jioni yake tunasikia kwamba Mheshimiwa amewakumbuka watu wake.

Sina ugomvi na mama anayeleta sabuni. Aliyelala chini ya hema la plastiki na watoto watano hawezi kuikataa, na mimi sitamfundisha kuikataa. Ninachouliza ni kitu kingine: mama huyu anakuja kama nani? Kama jirani mwenye huruma, kama chama, kama serikali, au kama bwana wake? Majibu haya ni manne tofauti, na kila moja lina maswali yake. Kwetu tunayachanganya yote katika neno moja, "Mama", halafu tunapiga makofi.

Tuanze na sheria, maana wasikilizaji wengi wananiuliza. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haimpi bibi wa Rais kazi yoyote, wala bibi wa gavana, wala bibi wa mbunge. Hakuna cheo cha "mama wa kwanza" mle ndani. Mahali ambapo nimemwona bwana au bibi wa kiongozi ni katika kifungu cha 99, na pale hatajwi kwa ajili ya zawadi. Kifungu kinasema Rais na mawaziri wanapaswa kuandika mali ya jamaa yao na kuipeleka mbele ya Korti ya Katiba, kabla ya kuingia kazini na wakati wa kutoka. Katika mali hiyo inahesabiwa na ya bibi au bwana, kufuatana na namna walivyooana, na ya watoto walio chini ya ulinzi wao. Asiyefanya hivyo katika siku 30 anahesabiwa kwamba amejiuzulu. Kwa hiyo waandishi wa Katiba walifikiri juu ya bibi wa kiongozi, lakini walichotaka kuona ni mfuko wake. Kuhusu wabunge, kifungu hicho hakisemi kitu, na mimi naona hilo ni tundu kubwa kwenye nyavu.

Desturi ya kumheshimu bibi wa mkubwa hatukuitoa kwa wazungu. Sisi tuko katika usheferi wa Bashu, na wazee wanajua kwamba mwami ana bibi wa mila anayeitwa mombo, na mtoto wa huyo ndiye anayetazamiwa kurithi kiti. Lakini mombo ana nafasi inayojulikana. Kila mtu anajua anachofanya na asichofanya, na hakuna anayemchanganya na mwami mwenyewe. Baadaye ikaja wakati wa Mobutu. Bibi yake Marie-Antoinette aliitwa Mama Mobutu nchi nzima, na hospitali kubwa ya Kinshasa ikapewa jina la mama yake mzazi, Mama Yemo. Pale ndipo watu walianza kuzoea kwamba dawa na matunzo vinatoka katika nyumba ya mkubwa, kama vile chakula kinatoka jikoni, wakati vilitoka katika mali ya nchi.

Tabia hiyo haikuondoka na Mobutu. Olive Lembe, aliyeoana na Joseph Kabila mwezi wa sita 2006, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Julai, alitembea sana nchini akigawa na kujenga. Leo yuko Denise Nyakeru Tshisekedi, mwenye asili ya Kivu Kusini, ambaye shirika lake lilianzishwa 2019. Linashughulika na ugonjwa wa selimundu na linatoa pesa za masomo, kwa mpango unaoitwa Excellentia, kwa watoto waliopata alama za juu sana katika mtihani wa Serikali. Mpango huu naupenda kuliko sabuni. Mtoto anauingia kwa alama, na alama zinaonekana. Hahitaji kujuana na komite ya chama. Bado tuna haki ya kuuliza nani anaweka pesa ndani ya shirika la bibi wa Rais, na kwa nini anaziweka kule na si kwingine. Mfanyabiashara hatoi dola zake kwa bibi wa Rais kwa sababu ya huruma peke yake. Anayebisha aniambie kwa nini hatoi kwa bibi wa mvuvi.

Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, walichukua njia nyingine. Janet Museveni aligombea na kuchaguliwa mbunge wa Ruhaama mwaka 2006, baadaye akapewa uwaziri, na tangu 2016 wizara ya elimu. Unaweza kusema ni familia moja imekalia nchi, na mimi nitakubaliana nawe. Lakini angalau mwalimu akikosa mshahara anajua jina la waziri wa kumlalamikia. Tanzania, Salma Kikwete aliteuliwa mbunge 2017 wakati bwana wake alikuwa amekwisha kutoka ikulu, na 2020 akachaguliwa Mchinga. Kenya, Margaret Kenyatta alikimbia marathoni ya London mwaka 2014 kutafuta pesa za kliniki za magari kwa ajili ya akina mama wazazi. Watu wengi walimsifu. Miaka kumi baadaye, Julai 2024, vijana walipokuwa barabarani kwa ajili ya kodi, Rais Ruto alitangaza kwamba ofisi za bibi wa Rais, bibi wa Naibu wake na bibi wa Mkuu wa Mawaziri hazitapewa tena bajeti. Maana yake zilikuwa nayo. Wakenya walijua kiasi, ndiyo maana waliweza kukasirika. Sisi huku hatujui hata tukasirikie nini.

Na mabwana je? Tangu 2024 waziri wetu mkuu ni mwanamke, Judith Suminwa. Ni nani hapa Kyavinyonge amemwona bwana yake akigawa chumvi? Bwana wa Rais Samia wa Tanzania, Hafidh Ameir, haonekani sana mbele ya watu, na hakuna anayesema ni mtu mbaya. Kumbe kazi hii ya kugawa hatuitaki kwa kila aliyeoana na kiongozi. Tunaitaka kwa mwanamke, kwa sababu tunafikiri kupika na kuhudumia wageni ni kazi yake, hata kama wageni ni maelfu na wanalala shuleni.

Hapo niwatetee kidogo hao mama. Mbunge wetu akichaguliwa anahamia Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Simu yake inalia bila kujibiwa. Bibi aliyebaki Butembo au Beni ndiye mlango peke yake. Saa kumi na mbili asubuhi wamekaa kwake: huyu mtoto yuko hospitalini na hawamruhusu kutoka kwa sababu ya deni, huyu amefiwa na hana pesa ya sanduku, huyu bwana yake amekamatwa ziwani na askari wa Uganda pamoja na mtumbwi na moteri. Mama huyu halipwi mshahara. Akisema sina, wanasema ni mchoyo na bwana atapoteza kura. Akitoa, wanasema ameiba. Hakuomba kura hata moja, lakini analipa ahadi za aliyeomba. Kwa mvuvi aliyekamatwa hawezi kitu. Jambo la mipaka ya maji linasemwa na serikali mbili, na anayeweza kumwita waziri mbele ya Bunge ni mbunge. Bibi atatoa pesa ya chakula kwa mke wa mfungwa, na huenda mbunge akalala usingizi mzuri.

Kuna njia moja ambamo bibi anaingia kweli katika madaraka, na wapiga kura wengi hawaijui. Sheria yetu ya uchaguzi inamwambia mgombea ataje wabadala wake tangu siku ya kupeleka faili. Mbunge akipewa uwaziri, mbadala anakaa kwenye kiti. Waandishi wa Kinshasa wameandika mara nyingi juu ya wabadala ambao ni bibi, mtoto au ndugu wa mbunge. Kama bibi ana uwezo, sawa kabisa, mwanamke yeyote ana haki ya kuwa mbunge. Lakini basi asimame jukwaani wakati wa kampeni, aseme jina lake, tumwulize anafikiri nini juu ya vita na juu ya samaki. Siku hiyo hatakuwa mgeni mwenye sabuni.

Sasa nifike kwa wale ambao jambo hili linawaumiza zaidi, ndugu zetu waliokuja kutoka Vitshumbi na sehemu nyingine za Rutshuru. M23 waliingia Vitshumbi mwezi wa tatu 2024, na jamaa walitafuta njia ya kukimbia, wengine kwa maji. Tarehe 20 Desemba 2023, sisi wa Beni tulipiga kura. Rutshuru na Masisi hazikupiga, kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Basi mama wa Vitshumbi anayelala hapa hana mbunge aliyemchagua. Hana hata mmoja wa kumwambia "nilikupa kura yangu." Na gavana wa jimbo si mtu wa kuchaguliwa tangu utawala wa kijeshi wa dharura ulipoanza tarehe 6 Mei 2021, sasa ofisi yake imehamia Beni, kwa kuwa Goma ilianguka Januari 2025.

Sisi wa Beni na Butembo tunapaswa kuelewa uchungu huo kuliko wote. Kura ya Rais ya Desemba 2018 ilitupita, wakasema ni Ebola na usalama mdogo. Tulipopiga kura ya wabunge tarehe 31 Machi 2019, Rais alikuwa amekwisha kuapa tangu Januari. Tunajua namna mtu anavyosemewa na wasiomjua.

Kwa hiyo bibi wa mbunge wa hapa anapogawa unga kwa wahami wa Rutshuru, anagawa kwa watu ambao bwana wake hana deni lao la kura, na hawawezi kumwadhibu mwaka 2028. Inaweza kuwa ni huruma safi. Lakini nimeona pia namna orodha inavyoandikwa: komite ya chama inakaa, jina la mwenye kadi linaingia kwanza, mhami aliyefika juzi anaambiwa angoje. Picha inapigwa na wahami, unga unabaki kwa wenyeji. Msaada ukipita katika mikono ya mashirika ya misaada, kuna mahali pa kulalamika. Ukipita katika mkono wa Mama, ukilalamika unaitwa mtu asiye na shukrani.

Sisi wa redio nasi tumo. Tunaitwa kwenye sherehe, tunapewa pesa ya usafiri, habari inasikika siku ile ile. Kilio cha hema linalovuja kinangoja nafasi katika matangazo.

Mama wa mheshimiwa akifika tena, tumpe kiti, tumsikilize, halafu tumwulize mbele ya kipaza sauti: vitu hivi vimenunuliwa na nani? Orodha imeandikwa na nani, na wahami wangapi wamo ndani yake? Mheshimiwa mwenyewe atakuja lini? Si matusi. Mama mwenye majibu atafurahi kuyatoa.

Na kwa waheshimiwa wa Beni waliopo Kinshasa nina swali moja, ambalo bibi hawezi kuwajibia: ni nani kati yenu amekubali kuwasemea wahami wa Rutshuru Bungeni mpaka siku teritware yao itakapopiga kura? Atupe jina lake, tutalisoma katika habari za jioni, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili akina mama wa Vitshumbi walijue.