Kutwa Mara Tatu, na Usiku Je?

Nimechoka kusikia kwamba akina mama wa Kampala hawajui kuwapa watoto dawa. Nimeisikia kauli hiyo kwenye foleni za kliniki, redioni, na hata katika mabweni yetu, ikitolewa na vijana ambao hawajawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Husemwa kwamba mama hupima kwa kijiko chochote, huacha dawa homa ikishuka, kisha humgawia jirani iliyobaki. Ni kweli mambo hayo hutokea. Ninalolipinga ni jibu la haraka kwamba chanzo chake ni ujinga wa mama. Mimi nasema chanzo kikubwa ni lugha tunayompa pamoja na chupa, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna deni hapo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Dada yangu alikuja kutoka Koboko na mwanawe wa miaka miwili, akafikia kwenye chumba ninachopanga Wandegeya. Mtoto akaanza kukohoa na kupumua haraka haraka. Kliniki moja ya mtaani ikasema ana maambukizi ya bakteria kifuani, ikamwandikia amoksilini ya maji. Dukani akapewa chupa yenye unga mkavu na kikaratasi kilichoandikwa "5ml tds 5/7". Dada husoma Kiswahili vizuri, Kiingereza kidogo. Akanipa kikaratasi. "Wewe ndiye msomi wetu, nisomee."

Nikamsomea. Mililita tano nikasema ni kijiko kimoja. "Tds" sikuijua, nikakisia. "5/7" nikadhani ni tarehe 5 Julai, siku ya kurudi kliniki, kwa kuwa tulikuwa mwishoni mwa Juni. Kumbe "tds" ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya mara tatu kwa siku, na "5/7" ni siku tano. Unga ulitakiwa kuchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa. Sisi tulijaza mpaka shingoni, tukaizimua dawa. Tukapima kwa kijiko cha kukorogea chai. Siku ya tatu homa ikashuka, tukaacha. Siku ya sita mtoto akaanza tena kupumua kwa shida, tukampeleka hospitali usiku kwa bodaboda, dada akilia njia nzima. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nesi alipouliza, "Dawa mlimpaje?" mimi msomi nilinyamaza.

Sasa nauliza: mjinga hapo alikuwa nani? Dada alifanya alivyoambiwa na mtu aliyemwamini. Mimi nilisoma maandishi ambayo hayakuandikwa ili nisomewe. Aliyeandika aliandika kama anayemwandikia mwenzake wa kazini, akasahau kwamba atakayeshika chupa usiku ni mama.

Wapo watakaosema dawa ni tafsiri tu. Hapana, tafsiri ya ovyo nayo hudhuru. Chukueni maneno yaliyozoeleka katika Kiswahili cha dawa: "kutwa mara tatu". Kutwa ni kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Ndiyo maana tunasema kutwa kucha tukitaka kuingiza na usiku. Mama mwenye Kiswahili kizuri atampa mtoto dawa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Kisha zinapita saa kumi na tatu bila dawa. Mama hakukosea. Amelitii neno.

Wengine hukimbilia "kila saa nane". Kwa daktari anayefikiri kwa Kiingereza hizo ni saa nane za kupita. Kwa msikilizaji wetu, saa nane ni wakati unaojulikana, mchana baada ya chakula. Luganda nayo huhesabu saa kama Kiswahili, kwa hiyo mtego ni uleule. Maneno salama ni marefu kidogo: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. Hapo hapana wa kupotea.

Na "kijiko cha chai"? Katika kitabu cha daktari ni mililita tano. Jikoni kila kijiko kina ukubwa wake. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka dawa za maji za watoto ziandikwe kwa mililita peke yake na vijiko viachwe. Ikiwa huko kwenye vijiko vya kila aina walishindwa kuviamini, sisi tunaviaminije? Dawa itoke dukani pamoja na bomba lisilo na sindano, limewekwa alama kwa kalamu mahali pa kuishia.

Najua pingamizi zenu. La kwanza: Wandegeya ni mji wa Luganda, Kiswahili kinatafuta nini? Sisemi Luganda iondoke. Iandikwe ya kwanza. Lakini tembeeni Katanga, bondeni kati ya Makerere na Mulago, mtakuta mama wa Bunia na mama wa West Nile ambao Luganda bado hawajaipata. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mama ampe mtoto dawa saa ngapi ni rasmi kwa nani?

La pili: muuzaji wa dawa hana muda. Kuchanganya unga mbele ya mama, kuweka alama kwenye bomba na kumwomba arudie alichosikia ni kazi ya dakika chache. Kulaza mtoto mara ya pili ni siku kadhaa.

La tatu ni zito zaidi: kwa nini tung'ang'anie chupa? Kwa nimonia ya watoto Shirika la Afya Duniani hupendekeza vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo, mara mbili kwa siku. Havihitaji kupimwa kwa kijiko. Nakubali, na vipatikane kila duka. Lakini hata kidonge huhitaji kuelezwa, na chupa bado zimejaa madukani.

Msidhani hasara ni ya mtoto mmoja tu. Dozi pungufu huwaacha hai bakteria wagumu, na hao huhamia kwa wengine. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani.

Basi nisiondoke nikiwa nimelalamika tu. Haya ndiyo maelezo ambayo dada yangu angeyahitaji kwa dozi ile:

"Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima. Vuta dawa kwa bomba mpaka kwenye alama. Mkalishe mtoto wima, umnyweshe kidogo kidogo kwa upande wa shavu. Mpe saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Maliza siku tano hata akipata nafuu. Ukisahau, usimpe mbili kwa pamoja. Iliyobaki usimpe mtoto mwingine. Akivimba uso, akitoka vipele au akishindwa kupumua, acha dawa, mkimbize hospitali."

Hayajai hata nusu ukurasa. Kila muhula tunaandika kurasa nyingi kuhusu ngeli na fani, na wahadhiri wetu wanatusahihisha kwa haki. Naomba zoezi moja la tafsiri kila mwaka liwe kikaratasi cha dawa, kikaguliwe na wanafunzi wa famasia, kisha kisomwe na mama mmoja wa Katanga. Yeye ndiye atoe alama. Asipokielewa, tumefeli sisi.