Daftari la wiki: Ukerewe kwa mwendo wa baiskeli

Kisiwa cha Ukerewe kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530, na ndani ya Ziwa Victoria hakuna kinachokizidi. Mwenye pikipiki anaweza kukikata asubuhi moja na kurudi mjini Nansio kula wali wa mchana. Mimi wiki hii nimekizunguka kwa baiskeli ya kukodi, nyeusi, nzito, isiyo na gia, yenye keria ya nondo iliyochomelewa kwa ajili ya magunia. Gia sikuzihitaji. Njia nyingi za kando ya maji ni tambarare, na pale majabali yanapoinuka, njia huyapita ubavuni.

Faida ya kwanza ya mwendo huu ni salamu. Ukerewe mtu mzima hapitwi kimya kimya. Juu ya pikipiki utapiga honi, utapunga mkono, basi. Juu ya baiskeli, "Shikamoo mzee" inajibiwa "Marahaba, unatoka wapi?", nawe unapata nafasi ya kujibu na kuulizia njia kabla hujampita. Mengi niliyoyaandika humu nimeyapata kwa namna hiyo.

*

Kando ya ziwa, anayepanga ratiba ni upepo. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo hewa huvuma taratibu kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda, ardhi hupata moto kabla ya maji, na upepo hugeuka. Wenye mitumbwi ya tanga wameijua kanuni hii tangu utotoni: hutoka na upepo wa nchi kavu, hurudi na wa ziwani. Mwendesha baiskeli naye aifuate. Saa kumi na mbili asubuhi pedali ni nyepesi. Saa nane mchana, kipande kilekile ukielekea majini kitakutoa jasho.

Mvua nazo zina saa zake. Mara nyingi huanza usiku, kwa sababu pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji na kuipandisha hewa yenye unyevu. Radi za usiku katika ziwa hili ni nyingi mno. Mgeni anayesikia ngurumo usiku kucha asighairi safari. Ikifika saa mbili asubuhi huenda jua limeshatoka, na mchanga uliolowa ni mgumu, unapitika vizuri kuliko mkavu.

*

Mchanga mkavu ndio unaochosha. Nilikuwa nasukuma baiskeli kwa mikono nilipofika kwa fundi aliyekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji ya kutafutia pancha. Aliminya tairi kwa kidole gumba. "Kaka, hili limejaa mno. Punguza upepo." Akapunguza mwenyewe, mbele na nyuma, nikapanda nikaenda. Tairi lililolegea kidogo hutandaza uzito juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ila alinionya: ukirudi kwenye changarawe, jaza tena, maana tairi legevu likigonga jiwe, rimu huikata tyubu.

Mafundi hawa wa Kanda ya Ziwa wanastahili heshima tunayowapa wahandisi. Baiskeli waliyoletewa kutoka kiwandani, iwe Phoenix ya China au Swala ya Dar es Salaam, ilikusudiwa kumbeba mtu mmoja. Wao wameiongezea vyuma kwenye uma wa mbele, wakabadilisha keria, wakaifanya ibebe gunia la mihogo, kreti za soda, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Uchumi wa kanda hii ulipanda juu ya baiskeli. Fedha za pamba za miaka ya 1950, wakati vyama vya wakulima vilipoungana mwaka 1955 kuunda Victoria Federation chini ya akina Paul Bomani, ndizo zilizoingiza baiskeli katika nyumba nyingi za wakulima. Wazee bado wanaikumbuka baiskeli ya kwanza ya ukoo, nani aliinunua na ilirithiwa na nani.

*

Dagaa unawajua kabla hujawaona. Harufu hukutana nawe barabarani, kisha njia inapinda na ufuko mzima unameta. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na biashara yote ya ufukweni hupungua. Kwenye mialo mingine wanaanikwa mchangani, kwingine kwenye chanja zilizoinuliwa. Nilimuuliza mama mmoja kama chanja ina faida. "Mwanangu, wa mchangani unawala na mchanga. Mnunuzi naye anajua." Nakubaliana naye kabisa. Dagaa wa chanja hukauka pande zote, hawana mchanga, na hata mvua ya ghafla ikija ni rahisi kuwafunika. Fedha za kujengea chanja zingepaswa kutangulia miradi mingi ninayoisikia ikizinduliwa.

*

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Kisiwa hiki kimetoa waandishi ambao mikoa mikubwa ya nchi kavu haijawafikia, na nilitaka kuwafuata kwa mwendo unaoruhusu kutazama.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Rosa Mistika yake, iliyotoka mwaka 1971, inaanzia hukuhuku. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kusomeshwa katika shule hizohizo. Niliisoma nikiwa kijana na nikaiona kuwa kitabu cha msichana na baba yake mkali. Ukipita Namagondo kwa baiskeli, mashamba ya mihogo kushoto na kulia, miji ya watu ikiwa karibu karibu, unaelewa jambo jingine: hapa hakuna pa kujificha. Kila mtu anamwona kila mtu. Aibu ya Rosa isingekuwa na uzito ule katika kijiji kilichotawanyika.

Kagunguli ni kwa Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika kitabu chake Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House kwa tarehe ya 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mtu mmoja aliishi na muswada wake kisiwani, akiamini kwamba maisha ya Wakerewe, kilimo chao, uvuvi wao, dawa zao, namna wanavyokaribishana na kuagana, yanastahili kuandikwa yote bila kufupishwa. Wapo wasomaji wanaolalamika kuwa kitabu hicho kinakwenda polepole. Kinakwenda kwa mwendo wa kisiwa, na mimi sioni ukurasa wa kukata. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwingine na mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza.

Sikuona kibao hata kimoja cha barabarani kinachomwelekeza mgeni kwa yeyote kati ya hao watatu. Hili linaniuma.

*

Magharibi mwa kisiwa ni msitu wa Rubya, shamba la miti la serikali. Ni misonobari iliyopandwa kwa safu, na kwa ndege na wanyama haiwezi kulingana na msitu wa asili, hilo lisemwe wazi. Lakini kwa aliyetoka kwenye jua la barabarani, kivuli chake ni neema. Sindano za misonobari zimefunika njia, magurudumu hayatoi sauti, na maji yanaonekana kati ya mashina. Nilipumzika hapo na machungwa ya kisiwani, ambayo sifa yake imeshavuka maji hadi Mwanza.

*

Kutoka Bugolora nilivuka na baiskeli kwenda kisiwa cha Ukara. Katika maji haya, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika, na watu zaidi ya 220 wakafa. Abiria wenzangu walinyamaza tulipokaribia gati, nami nikanyamaza. Kuhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga ni kazi ya dakika chache. Ifanywe kila safari, hata siku ya gulio, hasa siku ya gulio.

*

Ulaya, ziwa la Bodensee linalopakana na Ujerumani, Uswisi na Austria lina njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 260 inayolizunguka. Wageni huipita kwa siku kadhaa, wakilala katika vijiji, wakila samaki wa ziwa na matofaa ya mashamba ya jirani. Mgeni wa baiskeli hufika mbali kidogo tu kwa siku, kwa hiyo fedha yake hubaki njiani: kwa mama lishe, kwa fundi, kwa mwenye chumba. Ukerewe ina samaki, ina machungwa na mananasi, ina mafundi, na tayari ina njia. Inakosa vibao na vyumba vya kulala nje ya Nansio.

Kwa halmashauri na wahandisi wa barabara nina ombi moja. Kila barabara ya kisiwa hiki itakapowekwa lami, iachiwe ukanda wa baiskeli pande zote mbili, wenye upana wa kumtosha mtu mwenye gunia la mihogo, kabla magari hayajazoea kuitwaa barabara nzima. Na wewe msomaji, ukienda, panda kivuko cha asubuhi kutoka Mwanza, kodi baiskeli Nansio, beba pampu na viraka, na usome Kitereza kabla hujaondoka.