KONA YA HESABU: Noti ya 50,000 na watu watatu

Mwezi huu tuangalie namba moja kubwa ambayo sote tunaijua: 50,000. Ndiyo noti kubwa kuliko zote Uganda, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 2003.

Tuseme mama watatu wameuza mboga pamoja pale soko la Nakasero, Kampala, chini ya kilima. Faida ni noti moja ya 50,000. Wagawane vipi? Kila mmoja anapata 16,600, na 200 zinabaki. Nani azichukue? Hapo ndipo maneno huanza. Mshika pesa akisema kila wiki "hizi ndogo acha nibaki nazo," kwa wiki 52 amebaki na 10,400. Hiyo si ndogo tena, jamani!

Kwa nini 50,000 inakataa watu watatu? Ipasue mpaka mwisho: 2×2×2×2×5×5×5×5×5. Ndani yake mna 2 na 5 tu. Hakuna 3, hakuna 7. Kwa hiyo watu 2, 4, 5, 8 au 10 watagawana bila shida, lakini 3, 6, 7 na 9 hawawezi kulingana kamili.

Hata ambaye hakusoma sana anaweza kupima. Jumlisha tarakimu: 5+0+0+0+0 = 5. Kama jumla haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe pia haigawanyiki kwa 3. Kwa 9 ni vilevile.

Sasa ongeza 400 tu, upate 50,400. Jumla ya tarakimu ni 9, dalili njema. Ukiipasua unapata 2×2×2×2×2×3×3×5×5×7. Namba hii inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 10. Ina vigawo 108, wakati 50,000 ina 30 tu, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi hivyo. Tazama:

Watu 3: 16,800
Watu 6: 8,400
Watu 7: 7,200
Watu 9: 5,600

Hakuna kinachobaki mezani. Ila mkiwa 5 bakini na 50,000, kila mtu apate 10,000. Kwa 50,400 ingekuwa 10,080, na hiyo 80 mtaitoa wapi?

Jambo hili ni la zamani. Mgiriki Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaka mji wake uwe na viwanja 5,040, kwa sababu namba hiyo inagawanyika kwa njia nyingi. Ukiizidisha mara 10 unapata 50,400 yetu.

Basi, nyinyi wenye vikundi vya akiba, kabla ya kupanga kiasi cha kuchanga, hesabuni kwanza mko wangapi. Na kama kuna baki, kubalianeni mapema iende wapi, iandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Pesa ndogo isiyoandikwa huvunja urafiki mkubwa.

Zoezi la nyumbani: ni namba gani ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 10? Mtoto na mzazi wafanye pamoja. Jibu mwezi ujao. Kazi njema!

Mwalimu wenu wa kujitolea