Kabla ya Kununua Koilova, Uliza Gari Litafanya Nini Jumatatu

Mwezi huu safu yetu inaingia gereji. Najua wengine mtasema magari ya michezo si mambo ya familia. Nisomeni hadi mwisho, maana wengi wetu tuna vijana vyuoni, na vijana wana magari.

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Ohio. Mwezi Machi alinipigia simu usiku.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

"Hakuna baya, Mjomba. Nimefikisha dola 1,900. Nataka kuagiza koilova, nimebakiza kuchagua seti mbili tu. Nisaidie."

Fedha hizo alizipata kwa kupanga vitabu kwenye maktaba ya chuo, jioni baada ya jioni. Gari lake ni Mazda MX-5, ambalo Wamarekani huliita Miata, toleo la pili, dogo, la viti viwili, uzito tani moja na kidogo. Analitumia kwenda darasani na sokoni, na baadhi ya Jumapili analipeleka kwenye otokrosi.

Kwa wasioijua, otokrosi ni mashindano yanayofanyika kwenye eneo pana la lami, mara nyingi maegesho ya uwanja wa michezo au uwanja wa ndege. Njia huchorwa kwa koni za plastiki. Unashindana na saa, si na gari lililo ubavuni mwako. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika moja, na mwendo kwa kawaida hauzidi ule wa barabara kuu. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Ukikosa lango, mzunguko huo hauhesabiwi. Chama kikubwa kinachosimamia mchezo huu Marekani ni SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944, na programu yake ya otokrosi inaitwa Solo. Helmeti ni lazima, gari hukaguliwa kabla ya kuingia, na aliye chini ya miaka 18 hashiriki bila mzazi kutia saini.

Dada yangu aliyeko Tanga aliposikia habari hizi aliniuliza, "Kaka, mtoto nilimleta huko kusoma au kukimbiza magari?" Nilimwambia ukweli wangu: kijana mwenye gari la michezo atataka kujua linafika wapi. Afadhali ajue mchana, kati ya koni, watu wazima wakimtazama, kuliko ajue usiku kwenye barabara ya watu.

Sasa, koilova ni nini? Chini ya kila gari kuna springi inayobeba uzito na shokapu inayotuliza springi isirukeruke. Kwenye MX-5 springi imeizunguka shokapu tangu kiwandani. Lakini madukani neno koilova hutumika kwa seti ambayo mwili wa shokapu umechongwa nyuzi kama boliti, na springi imekalia pete inayozungushwa. Ukiizungusha pete, gari linapanda au linashuka. Nyingi zina pia kitufe cha kubadilisha ugumu wa shokapu, kliki moja moja.

Hiyo pete ndiyo iliyoniponza mimi. Ndiyo maana sikumjibu mpwa wangu usiku ule, nikamwambia aje Jumamosi.

Mwaka 2016 nilikuwa na gari kama lake. Nikanunua seti ya bei rahisi, springi ngumu mbele na ngumu zaidi nyuma. Nilizifunga mwenyewe, nikalishusha gari hadi kidole kikapita kwa shida kati ya tairi na bodi. Nikazungusha vitufe vyote hadi mwisho wa ugumu. Lilipendeza kweli. Jumapili kwenye koni nilikuwa wa polepole kuliko nilivyokuwa kabla, nikajiambia dereva bado hajalizoea gari.

Alhamisi iliyofuata nilimchukua binti yangu kutoka kuogelea. Alikuwa na miaka 11. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona ya kutokea barabara kuu kuna mahali lami imeinuka kidogo, mahali nilipopita mara mia. Nyuma ya gari iliruka, ikateleza, tukazunguka nusu duara na kusimama kwenye majani, tukitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Binti aliniuliza, "Baba, gari limeharibika?" Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba gari lilifanya nilichoiambia chuma chake ifanye. Miezi mingi alikataa kupanda gari lile, na sikumlazimisha.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Nilipolishusha gari, nilikula nafasi ya shokapu kubonyea. Ndani ya shokapu kuna mpira wa kikomo, uliowekwa ili chuma kisigonge chuma. Gari langu lilikuwa karibu linaukalia mpira huo muda wote. Lilipofika kwenye mwinuko, springi haikuwa na pa kwenda, upande wa nyuma ukawa mgumu ghafla kama hauna springi kabisa, na tairi ikaachia lami yenye maji.

Basi mpwa wangu alipofika Jumamosi nilimtengenezea chai, nikamsimulia hayo, kisha nikamwuliza maswali matano. Nayaweka hapa kwa ajili ya kijana yeyote anayetaka kununua, na kwa mzazi anayetaka kuelewa anachoombwa kuchangia.

Swali la kwanza: unashindana daraja gani? Kwenye Solo magari hupangwa kwa kiasi yalivyobadilishwa. Daraja la Street linakuruhusu kubadilisha shokapu, lakini springi zibaki zile za kiwandani na kimo cha gari kibaki kilekile. Ukifunga koilova zenye springi nyingine, unahamia madaraja ya juu, na huko utawakuta watu waliobadilisha springi, rimu na mengine mengi. Unaweza kutumia dola 1,900 ukawa na kasi zaidi na bado ukashika nafasi ya mwisho. Soma kanuni za mwaka husika kabla ya kulipa. Mpwa wangu hakuwa amezisoma.

Swali la pili: Jumatatu gari litafanya nini? Gari linalobebwa kwa trela hadi uwanjani lina haki ya kuwa gumu. Gari linalokwenda darasani kwenye mashimo ya mwezi Machi halina haki hiyo. Hapa Ohio barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi huingia kwenye nyuzi za koilova. Zisiposafishwa na kupakwa kinga, pete hushika kutu isizunguke tena, na ile faida uliyoilipia ya kupandisha na kushusha inakwisha baada ya baridi moja au mbili.

Swali la tatu: unajua maana ya tarakimu za springi? Ukiona kilo 7 kwa milimita, maana yake inahitaji kilo 7 kuibonyeza milimita moja. Lakini springi haikai juu ya tairi, iko ndani zaidi kwenye mkono wa gari, kama mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba. Tuseme tairi ikipanda milimita 10, springi inabonyea 7. Uwiano ni 0.7, na huzidishwa kwa wenyewe, inakuwa 0.49. Springi ya kilo 7 inahisiwa kwenye tairi kama kilo 3.4 hivi. Uwiano huo hutofautiana kati ya gari na gari, na hata kati ya mbele na nyuma ya gari moja. Kwa hiyo usichukue tarakimu za gari la rafiki yako ukazihamishia kwako. Na kumbuka kosa langu: ukikaza nyuma kupita kiasi ukilinganisha na mbele, mkia unakuwa mwepesi kuteleza.

Swali la nne: shokapu inaiweza springi hiyo? Hapa ndipo bei zinapotofautiana. Springi hata za bei nafuu zinaweza kuwa nzuri, ni waya tu uliopindwa. Kazi ngumu iko ndani ya shokapu, kwenye mafuta na valvu. Springi ikibonyezwa inataka kurudi, na shokapu ndiyo inayoizuia isirudi kwa pupa. Ikiwa dhaifu, gari linadundadunda. Ikiwa ngumu mno, tairi haiwahi kufuata lami, inaruka juu ya kila mwinuko. Muulize muuzaji grafu ya kipimo cha shokapu, inayoonyesha nguvu yake kwa kila mwendo na kwa kila kliki. Seti nyingine zina kliki 30, lakini kati ya moja na nyingine hakuna tofauti, au shokapu mbili za seti moja hazilingani. Uliza pia kama inafunguliwa na kutengenezwa ikichoka, au hutupwa. Uliza kimo kinarekebishwaje: kuna seti ambazo huzungushwa sehemu ya chini ya shokapu yenyewe, ili gari lishuke bila kula nafasi ya kubonyea. Hata hapo kuna mpaka, kwa sababu tairi itagusa bodi.

Swali la tano: utabakiwa na shilingi ngapi? Koilova zikishafungwa kazi haijaisha. Boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, bushi hukaa zimejipinda na huchakaa mapema. Gari liwekwe juu ya mizani minne, dereva au mzigo wa uzito wake ukiwa kwenye kiti, na pete zizungushwe hadi uzito ugawanyike vizuri. Kisha alaimenti. Na kabla ya hayo yote, matairi. Matairi ndiyo peke yake yanayogusa lami.

Hapo nilimwambia twende nje. Nikapiga tochi kwenye matairi yake. Yalikuwa magumu kama kandambili iliyoachwa juani, na pembeni yana nyufa. Shokapu moja ya nyuma ilikuwa imelowa mafuta. Hakusema kitu. Mimi pia nilinyamaza, maana mwaka 2016 hakuna aliyenipigia tochi.

Siku hiyo hatukuagiza koilova. Wiki mbili baadaye alinunua matairi manne ya kushika lami, dola 640. Alinunua shokapu nne nzuri zinazorekebishwa, za kuvaa springi zake za kiwandani, dola 620. Tulizifunga kwangu siku moja nzima. Kifaa cha kubana springi tulikitumia kwa uangalifu mkubwa, na kama hujawahi kukitumia usijaribu peke yako, springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Alaimenti ilikuwa dola 120. Jumla dola 1,380. Zilizobaki 520 alinunulia vitabu, na sehemu akamtumia mama yake bila kuambiwa na mtu. Akabaki kwenye daraja lake la Street.

Kuhusu kasi, niseme kwa uaminifu. Njia ya otokrosi hupangwa upya kila mara, kwa hiyo huwezi kulinganisha sekunde za Aprili na za Juni. Unajipima na mtu. Yupo mama mmoja mwenye gari kama lake, amecheza miaka mingi. Mwezi Aprili, kabla hatujabadilisha kitu, mama huyo alimshinda kwa sekunde 4.1. Mwezi Juni alimshinda kwa 2.3. Mpwa wangu alimwuliza hizo zilizobaki ataziondoaje. Mama yule akamwambia atazame mbali zaidi, aache kutazama koni iliyo mbele ya pua ya gari. Ushauri huo haukumgharimu kitu.

Sisemi koilova ni mbaya. Akimaliza chuo, akipata kazi na gari la pili la kwenda kazini, nitamsaidia mwenyewe kuchagua seti nzuri, na MX-5 lishuke, likaze, lihamie daraja jingine. Wakati huo atakuwa anajua springi inafanya nini, na hatanunua kwa sababu ya picha.

Kwa wazazi nina neno moja. Kijana akikuomba fedha za kubadilisha gari, usiseme hapana tu ukakata simu. Mwulize litafanya nini Jumatatu, na nani atakaa kiti cha pembeni. Mimi swali hilo nilijiuliza nikiwa kwenye majani, mvua inanyesha, mtoto wangu kando yangu.

Binti yule sasa ni dereva. Juni alikuja kumtazama binamu yake. Jioni, kijana alipoondoka uwanjani kurudi chuoni, alimwomba lifti hadi kituo cha mafuta ninapowasubiri. Nilimwona akifunga mkanda bila kusita.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.