Mwandiko wa Vijana wa Ufilipino

Mtu akitaka kujua taifa linawatazamaje watoto wake, na asikilize jinsi wakubwa wanavyousema mwandiko wa vijana. Twasema hivi kwa sababu ya kisa cha Ufilipino, nchi ambayo kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa makao makuu ya dunia kwa kupelekeana habari fupi kwa simu ya mkononi.

Habari hizo zilipoanza huko katika miaka ya 1990, mwanzoni zilipelekwa bure. Baadaye zikawa za peso 1. Kupiga simu kulikuwa ghali, na mtu wa kima cha chini alitia fedha kidogo kidogo. Tena habari moja haikuweza kuzidi herufi na alama 160. Hapo ndipo watu walipojifunza kubana maneno. "Dito", yaani hapa, likaandikwa "d2". Hawakuwa vijana peke yao. Wazazi wao nao waliandika hivyo. Na katika Januari 2001, kesi ya Rais Joseph Estrada ilipovunjika katika Baraza la Seneti, maneno hayo hayo yaliyobanwa ndiyo yaliyowaita watu kwa maelfu kukusanyika katika barabara ya EDSA mjini Manila. Tarehe 20 Januari Rais akaondoka Ikulu. Siku ile hatukusikia mtu akilalamika kwamba tahajia imeharibika.

Kelele zilikuja baadaye. Gharama ziliposhuka, vijana hawakuwa tena na haja ya kubana. Wakaanza kuyapamba maneno na hata kuyarefusha. "Ako", maana yake mimi, likawa "aQoh". Herufi kubwa na ndogo zikachanganywa, na tarakimu zikawekwa mahali pa irabu. Mwaka 2010 wenye mtindo huo wakapewa jina la "jejemon": "jeje" ni kicheko kilichoandikwa kwa desturi ya Kispania, na "mon" imetoka katika Pokémon, vile vijinyama vya michezo ya Kijapani. Jina lenyewe, basi, liliwafananisha watoto wa watu na wanyama.

Mwaka huo huo Mona Valisno, aliyekuwa Waziri wa Elimu, aliwaonya vijana waache mtindo huo usije ukadhoofisha uwezo wao wa kuandika. Wataalamu wa lugha nao, katika mkutano wao uitwao Sawikaan, wakalichagua "jejemon" kuwa neno la mwaka. Lakini katika mitandao ya kompyuta walijitokeza watu walioapa kuwawinda vijana hao kwa matusi na dhihaka. Na waliochekwa ni nani? Kwa sehemu kubwa ni watoto wa mitaa ya watu maskini, ambao hata kofia zao na nguo zao zilitiwa katika dhihaka hiyo. Desturi hii ni kongwe huko. Zamani walioitwa washamba waliitwa "bakya", na bakya ni viatu vya mti, mitalawanda, walivyovaa watu wasioweza kununua viatu vya ngozi. Jana walichekwa kwa miguu yao. Mwaka 2010 walichekwa kwa herufi zao.

Hatusemi kwamba waliotoa onyo hawakuwa na hoja. Kijana akifanya mtihani au akiomba kazi kwa mwandiko ambao mwalimu na mwajiri hawausomi, atakayepata hasara ni yeye. Mtoto wa tajiri ana vitabu nyumbani na mwalimu wa ziada. Ataacha mchezo wake mlangoni na kuandika sawasawa akitakiwa. Mtoto wa maskini ana shule tu. Shule isipompa lugha sanifu, hana pengine pa kuipata. Kwa hiyo wale wanaosema "waacheni waandike wapendavyo" nao hawamtendei haki.

Lakini Wafilipino wanayo historia inayofaa kuwatia adabu wakubwa. Katika enzi ya Wahispania neno lile lile "ako" liliandikwa "aco". Mwaka 1884 msomi Pardo de Tavera alipendekeza Kitagalogi kiandikwe kwa k na w, na José Rizal akaitetea njia hiyo mwaka 1890. Wapinzani wakapiga kelele kwamba k ni herufi ya Wajerumani na kwamba lugha inaharibiwa. Mwaka 1892 kikaanzishwa chama cha Katipunan cha kupigania uhuru, na herufi K ikapepea katika bendera zake. Leo hakuna Mfilipino aionaye k kuwa mgeni.

Basi tupime kwa kipimo gani? Sisi twaona kipimo ni kimoja: je, mwandiko huu wawafungulia watu wengi mlango wa kusoma, au wawafungia? K ya akina Rizal ilimrahisishia mtoto wa mkulima. "AQoh" haimrahisishii mtu. Ni alama ya kutambuana marafiki. Alama hiyo si dhambi, ila mahali pake ni kati ya marafiki. Wala isisahauliwe kwamba vijana hao hawakuitupa adabu. Neno "po", ambalo Mfilipino hulitia katika maneno yake anaposema na mkubwa wake, waliliandika "pfouh", wakalirefusha, lakini hawakuliacha. Aliyewaita wanyama ndiye aliyeacha adabu.

Mtindo ule sasa umefifia. Umekuja mwingine wa kupindua silabi, kama "lodi" kutoka "idol". Na wazee wanaoulalamikia mtindo huo wamesahau kwamba wao wenyewe walimwita baba "erpat", kwa kuligeuza neno "pater". Kila kizazi kina fumbo lake.

Nasi tusijione tuko mbali. Vijana wetu huandika "xaxa" mahali pa sasa, na "cjui" mahali pa sijui. Twawaomba walimu wasiwacheke mbele ya wenzao, kwa maana mtoto aliyechekwa hufunga daftari. Wawaonyeshe kwamba kuna lugha ya barazani na lugha ya ofisini, na kwamba mwenye kuzijua zote mbili hawezi kudanganywa kwa hati asiyoielewa. Na wazazi wawaandikie watoto wao kwa Kiswahili kilichonyooka, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lugha ya taifa hailindwi kwa dhihaka. Hulindwa kwa kumpa kila mtoto, wa tajiri na wa maskini, fungu lake kamili.