Nani Apate Kiti Kwenye Basi la Parokia?

Tangazo husomwa baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho. Katibu wa parokia husimama, akataja tarehe ya safari, nauli na siku ya mwisho ya kulipa, kisha akamalizia kwa maneno yanayowafanya watu wageukiane: viti ni vichache, atakayewahi ndiye atakayekwenda. Wakatoliki wa Kitengela, kaunti ya Kajiado, wamelizoea tangazo hilo. Mwezi wa Juni kuna hija ya Namugongo, Oktoba kuna ile ya Subukia, na katikati hapo hakukosi upadirisho wa kijana wa nyumbani. Lakini hakuna safari inayotikisa parokia kama ile ya kwenda kumwona Papa.

Na haiji mara kwa mara. Yohane Paulo wa Pili alifika Kenya Mei 1980, akarudi Agosti 1985 kwa Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa, akaja tena Septemba 1995. Kisha ikapita miaka 20 kabla ya Fransisko kutua Nairobi tarehe 25 Novemba 2015. Mtoto aliyebatizwa mwaka ule wa 1995 alikuwa mtu mzima mwenye kitambulisho kabla hajasikia tena kwamba Papa anakuja. Kwa bibi wa miaka 70, safari moja kama hiyo ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana namna ya kugawa viti ni suala la haki, na halifai kuachiwa katibu na daftari lake peke yake.

Kabla ya kufika kwenye daftari, yafaa kukumbuka yaliyotokea mwaka 2015.

Misa ya Alhamisi tarehe 26 Novemba iliadhimishwa kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi. Serikali iliifanya siku hiyo kuwa sikukuu, ikasema inatarajia watu milioni 1.4. Waliofika walikuwa mamia ya maelfu, umati wa kutisha kwa macho, lakini mdogo sana ukilinganishwa na matarajio hayo. Mvua ilinyesha. Watu walisimama kwenye matope tangu kabla ya mapambazuko, wamejifunika walichokuwa nacho, wakiimba.

Mvua peke yake haielezi pengo hilo. Ilikuwa imepita miezi michache tu tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo alikuwa Joseph Nkaissery, mtu wa Kajiado mwenyewe, aliyekuwa mbunge wa Kajiado ya Kati kabla ya kuingia kwenye Baraza la Mawaziri. Polisi wapatao 10,000 walitawanywa jijini, barabara kuu zikafungwa, na kwa siku kadhaa wananchi walitangaziwa njia wasizoweza kupita. Hakuna anayeweza kuilaumu serikali kwa kulinda roho za watu mwaka kama ule. Lakini tahadhari ziliporundikana, muumini wa kawaida alisikia ujumbe mmoja tu: afadhali ubaki nyumbani.

Mtu wa Kitengela aliusikia kwa sauti kubwa kuliko wengine. Papa alitua Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, na njia ya kutoka uwanjani kwenda mjini ni Barabara ya Mombasa, ileile ambayo matatu za Kitengela hupita kila siku baada ya kuacha Barabara ya Namanga pale Athi River. Kitengela iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji, na hata siku ya kazi foleni ya Mlolongo inaweza kula saa mbili. Mji wa Kajiado uko kama kilomita 80. Namanga ni mara mbili ya hapo, na Loitokitok ni mbali zaidi. Ukifunga barabara alfajiri, mtu wa Kitengela huondoka saa nane usiku, na mtu wa Namanga huondoka jana yake.

Hapo ndipo inapoanza hoja ya runinga. Misa ilionyeshwa moja kwa moja. Aliyekaa sebuleni kwake Kitengela aliuona uso wa Papa vizuri kuliko aliyesimama nyuma kabisa ya umati, akisikia sauti ya vipaza sauti ikikatwa na upepo. Hakulowa wala hakulipa nauli, na watoto wake walikuwa mbele ya macho yake. Wapo Wakristo wema wanaosema hivyo kwa dhati, na si haki kuwaambia kwamba imani yao ni haba. Hesabu yao ni ya kweli. Familia ya watu watano inayolipa viti vitano, kununua chakula cha njiani, na labda kitenge chenye picha ya Baba Mtakatifu, inatumia fedha ambazo zingekuwa karo au kodi ya nyumba. Kwa mama anayeuza mboga sokoni, sikukuu haina malipo. Siku asiyofungua kibanda hakuna kinachoingia.

Jibu la hoja hiyo haliko Nairobi. Liko kwenye barabara ya vumbi ya Sudan Kusini.

Februari 2023, Papa Fransisko alipokuwa anatarajiwa Juba, vijana kadhaa wa Jimbo la Rumbek waliamua kwenda kwa miguu wakiwa na askofu wao, Christian Carlassare. Askofu huyo mwenyewe alikuwa amepigwa risasi miguuni mwaka 2021, kabla hata hajawekwa wakfu. Walitembea takriban siku tisa. Vijana hao walitoka katika jamii ambazo zimemwaga damu ya wenzao kwa miaka mingi, na njiani walilala na kula pamoja, wakipokewa katika vijiji ambavyo peke yao wangeogopa kupita. Papa alikaa Juba siku chache tu. Lakini kwa wale vijana ziara ilianza Rumbek, hatua ya kwanza waliyopiga pamoja. Runinga ingeweza kuwaonyesha Misa. Isingeweza kuwalaza chini ya paa moja.

Kitengela si Sudan Kusini, na hakuna haja ya kulazimisha ulinganisho. Ila ni mji wa watu waliotoka kwingine. Viwanda vya Athi River na eneo la usindikaji wa bidhaa za kuuzwa nje vilileta vibarua na makarani, viwanja vya bei nafuu vikaleta wajenzi, na sensa ya 2019 ilihesabu hapo watu zaidi ya 154,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 miaka kumi baadaye. Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mkisii na Mluhya wanaishi mtaa mmoja na Mmaasai ambaye baba yake alichunga ng'ombe palepale penye ghorofa leo. Kila uchaguzi unapokaribia, majirani hao huanza kupimana kwa macho. Jumuiya ndogo ndogo, ile inayokutana nyumba kwa nyumba kwa sala na Neno, ni mojawapo ya mahali pachache wanapoketi pamoja bila kuulizana majina ya ukoo.

Basi la parokia ni jumuiya hiyo ikiwa barabarani. Tarehe 27 Novemba 2015, kwenye uwanja wa Kasarani, Papa aliwataka vijana washikane mikono kama ishara ya kuukataa ukabila, na uwanja mzima ukashikana. Ilikuwa picha nzuri iliyodumu dakika chache. Saa nne za giza ndani ya basi, mzee wa Chama cha Wanaume Wakatoliki akiwa amelaliwa begani na mtoto wa jirani, chai ikimiminwa kwenye kikombe kimoja kinachozunguka viti vinne, hufanya kazi ileile kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo linalonunuliwa kwa nauli. Kumwona Papa kwa mbali ni nyongeza, na ni nyongeza kubwa, lakini kama safari haiwaunganishi waliomo, basi wenye kubaki na runinga zao wamechagua vyema.

Kwa kipimo hicho, utaratibu wa "atakayewahi" una kasoro. Anayewahi ni mwenye fedha mfukoni Jumapili ileile ya tangazo. Mara nyingi ni yuleyule aliyekwenda Subukia mwaka jana na Namugongo mwaka juzi. Jimbo la Ngong linabeba kaunti mbili, Kajiado na Narok, na Kajiado peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 21,900. Kwenye vigango vya ndani, padre hafiki kila Jumapili. Katekista ndiye anayeongoza ibada, na tangazo la parokia hufika kwa kuchelewa, kama litafika. Mama wa kigango cha ng'ambo ya Isinya akipata habari, daftari limejaa. Hata akipata kiti, ana kazi ya kutafuta bodaboda ya kumfikisha kwenye lami usiku, na mahali pa kujiegesha mpaka basi liondoke.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Viti vigawiwe kwa jumuiya na vigango kabla ya kutangazwa kanisani, kila jumuiya ichague wa kwenda, na nauli ilipwe kidogo kidogo kwenye mikutano ya kila wiki, kwa kuwa ziara ya Papa hutangazwa miezi kadhaa kabla. Wasio na uwezo walipiwe na wenzao bila kutajwa majina mbele ya watu. Wa vigango vya mbali walazwe kwenye ukumbi wa parokia usiku wa safari. Kuna watakaolalamika kwamba uchaguzi huleta upendeleo, mwenyekiti wa jumuiya akamteua shemeji yake. Inawezekana. Lakini upendeleo unaofanyika mbele ya majirani 20 huulizwa maswali, na ule wa pochi hauulizwi na mtu.

Halafu kuna suala ambalo watu hulikwepa kwa sababu linaonekana kama kuomba mabaya. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la seminari lililobeba wanakwaya na waumini kwenda harusini kaunti ya Kitui lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi. Maji yakalisomba, na watu zaidi ya 30 wakafa, wakiwemo watoto. Waliokuwa ukingoni walishuhudia yote. Basi lilikuwa la kanisa, abiria walikuwa wa kanisa, na furaha ya siku ile ilikuwa ya kanisa, jambo ambalo huwafanya watu wasite kumwambia dereva asimame.

Novemba ni mwezi wa mvua Kajiado pia. Mito ambayo mwaka mzima ni mchanga mtupu hushuka kwa ghafla, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliwazingira watu hata Kitengela yenyewe. Kamati ya safari inayokaa jioni tatu kujadili rangi ya fulana inaweza kutenga jioni moja kwa maswali ya gari: lina bima na kibali cha kubeba abiria? Dereva atakayeondoka saa nane usiku alilala saa ngapi, na nani atawarudisha watu jioni ikiwa yeye hajafumba macho? Nani ndani ya basi amepewa mamlaka ya kusema tusivuke? Huyo wa mwisho atajwe kwa jina kabla ya safari, na abiria wote wamjue. Kumwachia Mungu ulinzi ambao mtu alipewa akili ya kuufanya mwenyewe si imani anayoidai Injili.

Safari kama hiyo hupimwa pia kwa kilichorudi nayo. Siku ileile ya Kasarani, asubuhi, Papa alikwenda Kangemi, kwenye parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayoendeshwa na Wajesuiti. Aliyoyasema pale yaliwahusu watu wa Kajiado kuliko hotuba nyingine yoyote ya ziara ile. Alizungumzia mitaa inayonyimwa maji na vyoo, na akawashutumu wanyakuzi wa ardhi wasiojulikana sura, wanaothubutu kuchukua hata viwanja vya michezo vya shule. Wakenya walimwelewa mara moja. Januari ya mwaka uleule, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuwa wamerushiwa mabomu ya machozi na polisi walipoangusha ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao.

Kitengela hakuna mjadala mkubwa kuliko ardhi. Nyika zilizokuwa njia ya nyumbu na pundamilia kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi zimekatwa vipande, zikazungushiwa nyaya. Familia za wafugaji zimeuza na kubaki na robo ekari, na wanunuzi wengine wameuziwa kiwanja kimoja watu watatu. Waliopanda basi kwenda kumwona Papa walirudi na rozari na picha kwenye simu. Hotuba ya Kangemi ilikuwa mali yao kuliko rozari hizo, na haikuhitaji kubarikiwa upya.

Basi siku tangazo lingine litakaposomwa, kila aliyepewa kiti na jumuiya yake apewe pamoja nacho wajibu wa kurudi na kuketi mbele ya waliomtuma, wiki ileile, aeleze alichosikia. Kikao cha kwanza kinaweza kuanza na jambo moja la mtaani kwao wenyewe: uwanja ambao watoto wao huchezea mpira kila jioni, hati yake iko kwa nani?