Kalasinga Aliyepata Riziki kwa Kuzomewa

Mieleka twaijua sote. Wawili hukamatana, na yule ambaye mgongo wake umegusa ardhi ndiye aliyeshindwa. Wazee hucheka, na mambo huishia hapo. Lakini katika miji mikubwa ya ng'ambo iko mieleka ya namna nyingine, ambayo watu hulipa kiingilio kuitazama na wachezaji wake hulipwa ujira. Humo huwamo mtu mwema wa kushangiliwa na mtu mwovu wa kuzomewa, na aghalabu mshindi amekwisha kupangwa kabla kengele haijalia. Msomaji asidhani kwamba kwa sababu hiyo maumivu nayo ni ya mzaha. Mtu wa kilo mia akiinuliwa na kubwagwa, mbao za ulingo hazijui yaliyopangwa.

Juma hili nataka kueleza habari za mtu mmoja aliyeishika kazi ya uovu huo wa ulingoni kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Jina lake la kuzaliwa ni Jagjit Singh Hans, naye alizaliwa mwaka wa 1944 katika wilaya ya Ludhiana, nchi ya Punjab, huko Bara Hindi. Watazamaji wa mieleka walimjua kwa jina la Tiger Jeet Singh. Watu wa kabila lake si wageni kwetu. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, watu karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi ili kuijenga reli ya Uganda, na wengi wao walitoka Punjab. Karibu 2,500 walifia katika kazi hiyo. Wale wenye vilemba tuliwaita Makalasinga, nasi twawakumbuka kwa useremala, uhunzi na ufundi wa mitambo.

Kwao Punjab mieleka ni kazi ya heshima. Mahali pa kujifunzia huitwa akhara, nao ni uwanja wa udongo uliolainishwa vizuri na kuchanganywa na mafuta na manjano. Kijana huamka alfajiri, huchuchumaa na kuinuka mamia ya mara, kisha hunywa maziwa na kula lozi na samli. Katika viwanja hivyo alitokea Gama, ambaye mwaka wa 1910 alikwenda London akapambana na Zbyszko, shujaa wa Poland, kwa zaidi ya saa mbili na nusu pasipo mshindi. Siku waliyopangiwa kurudiana, Zbyszko hakutokea kabisa, na Gama akapewa ushindi.

Hans alihamia Kanada katika miaka ya 1960. Njia hiyo haikuwa wazi siku zote. Mwaka wa 1914 meli iitwayo Komagata Maru ilifika Vancouver ikiwa na abiria 376, walio wengi Makalasinga wa Punjab. Hao walikuwa raia wa Mfalme yule yule aliyeitawala Kanada. Hata hivyo, isipokuwa watu 24 tu, wote walizuiwa wasiteremke; wakakaa majini miezi miwili, kisha meli ikarudishwa Asia. Sheria za kuwabagua wahamiaji kwa rangi ziliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka wa 1962 tu. Basi kijana huyu alipita katika mlango uliofunguliwa juzijuzi.

Mjini Toronto alifundishwa na Fred Atkins, mzaliwa wa New Zealand, ambaye alijulikana kwa ukali wake. Alipokwisha kuhitimu, aliingizwa ulingoni katika jumba la Maple Leaf Gardens. Je, mgeni mwenye kilemba na ndevu atapewa kazi gani? Wenye biashara hiyo walikwisha kugundua kwamba watu huzomea upesi wasiyemfahamu, wala hawahitaji kuelezwa sababu. Miongoni mwa aliopambana nao alikuwako mtu aliyejiita The Sheik, akivaa kilemba cha Kiarabu na kuwatisha watu. Huyo hakuwa shehe wa popote: jina lake lilikuwa Ed Farhat, mzaliwa wa Michigan, Marekani, wa wazazi wa Kilebanoni.

Mimi naona jambo hilo halina sifa. Kilemba cha Kalasinga ni alama ya dini yake, na kukifanya kinyago cha kuwaogofya watoto ni kuwakosea wengi wanaokivaa kwa ibada. Lakini simlaumu sana kijana. Mtu aliyevuka bahari kutafuta kazi huishika ile aliyoikuta, na Hans aliishika kwa mikono miwili.

Mwaka wa 1973 alikwenda Japani. Huko bingwa wa mieleka alikuwa Antonio Inoki, ambaye miaka mitatu baadaye alipambana na Muhammad Ali mjini Tokyo. Hans aliingia ukumbini na kilemba kichwani na upanga ameuuma kwa meno, akipita katikati ya watazamaji huku akiwapiga kwa mpini. Watu wakikimbia viti vyao huku wakicheka na kulia. Wajapani wakampa jina la Chui Mkali mwenye Wazimu, maana tiger ni mnyama wa jamii ya chui asiyepatikana kwetu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Inoki alikuwa akinunua vitu pamoja na mkewe karibu na duka la Isetan, mtaani Shinjuku, mara akashambuliwa na Hans na wenzake mbele ya wapita njia. Polisi wakaitwa. Wako wasemao mpaka leo kwamba yalikuwa mapatano. Lakini kwa siku nyingi hapakuwa na mazungumzo mengine.

Mwezi wa Juni, 1974, huko Osaka, Inoki aliukamata mkono wa Hans akaupinda, ikatangazwa kwamba umevunjika. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata Hans alirudi akamshinda Inoki mjini Hiroshima na kutwaa ubingwa, akaushika hadi Juni. Mwaka wa 1981 alihamia chama cha Giant Baba, mpinzani wa Inoki katika biashara, ambaye naye alipata kufundishwa na Atkins.

Septemba 1990 Inoki alipoadhimisha miaka thelathini ya kazi yake, alihitaji mwenzi wa kusimama naye ulingoni mjini Yokohama, wawili kwa wawili. Wakati huo Inoki alikwisha kuwa mjumbe wa Bunge. Aliyesimama upande wake siku hiyo alikuwa Tiger Jeet Singh, na wale waliomzomea miaka kumi na saba walimshangilia. Walishinda.

Nyumbani kwake ni Milton, katika jimbo la Ontario. Mwaka wa 2010 shule ya serikali ilifunguliwa katika mji huo, ikapewa jina lake kwa ajili ya misaada yake kwa watoto. Huenda msomaji akauliza kama jina la mtu wa ghasia lafaa kuandikwa mlangoni pa shule. Kwangu lafaa: watoto hawafundishwi ghasia zake, na wazazi wanaijua michezo na wanaujua moyo wa mtu. Nami nimetazama jambo moja dogo. Waliotoa jina hawakuandika Jagjit Singh Hans. Waliandika Tiger Jeet Singh Public School.